Wiki ya Mwenye Nyumba

Gaudiose, fundi cherehani wa Troyeville, Johannesburg, alikuwa na nyumba ufukweni, Jamhuri ya Dominika. Tuseme ukweli: alikuwa na kipande cha nyumba. Dalali mmoja wa Braamfontein aliwauzia watu kumi fleti ya kupangisha watalii, huku akiwaonyesha picha za mahoteli na watalii wanavyozidi kumiminika huko kila mwaka. Kila mwenye kipande alipewa wiki moja ya kwenda kulala bure. Dalali aliulizia kadi ya benki. Karatasi ya ukimbizi hakuiulizia, na Gaudiose hakuona sababu ya kumsumbua.

Karatasi hiyo, ambayo ameiongezea muda kwa miaka kumi na moja, humruhusu kukaa Afrika Kusini. Kuvuka mpaka na kurudi haimruhusu. Alilijua hilo vizuri. Lakini siku ya ushuhuda kanisani mdomo ulitangulia, akili ikaachwa kituoni. "Julai nakwenda kuiona nyumba yangu," alisema. Vigelegele vikapigwa, na Mchungaji Ildephonse akaliombea sanduku lake, tena kwa mafuta. Sanduku likishapakwa mafuta utalirudishaje uvunguni?

Basi akasafiri mpaka Hillbrow, mtaa wa jiji hilo hilo, ghorofa ya saba, kwa binamu yake Joséline, akajifungia wiki nzima. Baridi ilimtafuna, maji yalikatika Jumanne, na yeye kutwa anatuma kwenye grupu la WhatsApp la kanisa picha za bwawa la kuogelea alizozitoa kwenye tangazo la dalali. Murielle, msusi anayekaa naye benchi moja kanisani, aliandika: "Mbona wewe hauonekani?"

"Mimi ndiye ninayepiga," akajibu Gaudiose.

Fleti yenyewe dalali alikuwa amempangishia mtalii aliyekuja na mbwa. Mbwa huyo, ujumbe wa dalali ulisema, ana pasipoti yake. Joséline alicheka mpaka akakohoa. Gaudiose hakucheka. Ilimuuma kwamba mbwa wa watu amefika kitandani pake kabla yake.

Alichosahau ni kwamba watu wake hawamwachi msafiri arudi peke yake kama kifurushi. Jumamosi grupu likatangaza: kesho wote uwanja wa ndege, na ngoma. Gaudiose akataja ndege moja inayofika asubuhi kutoka Ulaya, eti huko ndiko anakounganishia safari, akapanga kuwahi, ajifiche chooni, kisha ajichanganye na abiria wakitoka. Mpango mzuri, ila teksi ilisimama kila roboti, yaani kila penye taa za barabarani. Alipofika aliwakuta wenzake wamekwisha kujipanga, wamempa mgongo, wanautazama mlango wa abiria. Mchungaji ameinua bango lenye jina la Gaudiose. Akasimama nyuma yao na sanduku lake, akijisubiri.

Bado angeweza kuokoka. Abiria walikuwa wakitoka. Hatua ishirini tu za kuzunguka nguzo, aibukie katikati yao, na heshima yake ingebaki nzima. Alishaanza kulivuta sanduku aliposikia sauti ya Murielle.

"Mchungaji, mi niko na karatasi sawa na yake," Murielle alikuwa akisema. "Mama yangu ni mgonjwa kule Bukavu, miaka tisa sijamuona. Nikitoka, hawataniacha nirudi kwa watoto. Lakini kama Gaudiose amepita, basi iko njia. Leo atanionyesha. Usiku mzima sikulala."

Gaudiose akaliachia sanduku. Aliona aibu, na haikuwa ile aliyoikimbia wiki nzima.

"Murielle," akaita. "Usiutazame mlango huo."

Murielle aligeuka. Akamtazama yeye, sanduku, mlango, kisha yeye tena.

"Umetokea wapi?"

"Hillbrow. Kwa Joséline."

"Wiki nzima?"

"Wiki nzima."

Gaudiose alikuwa tayari kutukanwa, na angeyapokea matusi yote bila kujibu. Murielle hakumtukana. Alikaa juu ya sanduku, mikono magotini. Mbele yao ngoma ilikuwa imeanza: mtu alikuwa amemwona mama fulani mnene akitoka na kofia ya majani, akadhani ndiye Gaudiose, na kanisa zima lilikuwa likimkimbilia.

"Kwa hiyo njia hakuna," akasema Murielle.

"Hakuna, dada."