Darasa la Jumamosi

Kemuma alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya zahanati ya Manga, mtoto wa watu begani, akimbembeleza mama wa mtoto huyo arudi kidato cha tatu. Mama mwenyewe alikuwa na miaka kumi na saba. Mtoto akaona huo ndio wakati mzuri wa kutapika maziwa kwenye blauzi ambayo Kemuma aliipiga pasi kwa ajili ya safari ya mjini.

"Pole, madam," msichana akasema. Jina lake Roselyne. "Lakini kurudi siwezi. Mwalimu mkuu alisema niende na mzazi, na mama amesema hiyo shule hatakanyaga tena."

"Mzazi ni mimi. Jumatatu asubuhi unikute kwa geti."

"Na sketi hainitoshi."

"Fundi atafungua mshono. Kwani mafundi wote wa Manga wamehama?"

Roselyne akacheka, kiganja mdomoni, na Kemuma akajua amempata. Msichana akishacheka, shule haiko mbali. Wenzake waliomtangulia walikutana na Kemuma kila Jumanne jioni kwenye baraza ya zahanati, watoto mgongoni na vitabu magotini, na wawili kati yao walikuwa tayari wanajiandaa kwa mtihani wa mwisho.

Hiyo ndiyo kazi yake: msaidizi wa ustawi wa jamii, kwa mkataba unaozimia kila Juni na kuzinduliwa Julai. Aliambiwa kwamba bila shahada ya pili mkataba huo hautageuka ajira. Akaomba likizo ya masomo. Akaambiwa likizo ya masomo ni ya walioajiriwa. Yaani ukitaka kuajiriwa usome, na ukitaka kusoma uwe umeajiriwa. Aliyebuni utaratibu huo bila shaka alipandishwa cheo.

Basi Kemuma akaomba nafasi katika vyuo viwili, akitumaini kwamba kimoja kitamkataa na kumpunguzia kazi ya kuchagua. Vyote vikamkubali katika wiki moja. Mama yake, Mokeira, shemasi wa kanisa la Waadventista kijijini, akasimama siku ya Sabato kutangaza kwamba bintiye ameitwa na vyuo viwili, na waumini wakasema amina mara mbili. Tangu hapo hata wauza ndizi walikuwa na ushauri wa kumpa.

Chuo cha kwanza kilikuwa Nairobi, masomo ya mchana, miaka miwili. Profesa mmoja wa huko alimpigia simu yeye mwenyewe, akamwambia amesoma insha yake kuhusu wasichana wa Manga na angependa kumsimamia utafiti. Kemuma alitembea na sauti ile masikioni kwa siku nyingi. Hakuna mtu mwenye cheo aliyewahi kumwambia kwamba amesoma kitu alichokiandika. Lakini kwenda Nairobi kulimaanisha kuacha kazi, na vikao vya Jumanne kubaki bila mwenyewe.

Chuo cha pili kilikuwa na tawi Kisii mjini, ghorofani juu ya duka la mbolea. Huko angesoma huku anafanya kazi, na kazi yake yenyewe ingehesabiwa kuwa mafunzo ya vitendo. Kasoro ilikuwa moja: masomo yote ni Jumamosi, asubuhi hadi jioni. Kemuma hakuwa malaika, aliwahi kukosana na wazee wa kanisa kwa sababu ya hereni, lakini Sabato hakuwahi kuigusa. Aliipenda. Ilikuwa siku pekee katika juma ambayo hakuna mtu aliyemtaka kitu.

Njia mbili zilimshinda fisi, naye fisi hakuwekewa muda. Vyuo vyote viwili vilitaka jibu Ijumaa hiyo, kabla ya saa kumi na moja jioni.

Alifika Kisii mchana, blauzi ikiwa bado mbichi pale alipoifua kwa maji ya bomba. Kwenye korido ya tawi, benchi ilikuwa imejaa waliokubaliwa kama yeye, na hewa ilinuka mbolea. Dirishani alikuwapo karani wa usajili, mzee mwenye mvi na tai ya kijani, Bwana Angwenyi, akibishana na nesi mmoja wa Nyacheki aitwaye Joyline.

"Dada, hapa hakuna mjadala. Ratiba imetoka makao makuu. Iko kwa sistimu."

"Lakini mzee, mimi ni Msabato."

"Kila mtu ako na mambo yake."

Sauti hiyo Kemuma alikuwa ameisikia mahali. Akakaza macho, mara akakumbuka: makambi ya kanisa ya Agosti, hema linavuja, na mzee huyuhuyu jukwaani akiunguruma kuhusu amri ya nne mpaka watoto wakaacha kusinzia. Alijikuta amesimama kando ya Joyline.

"Bwairire, mzee," akamsalimu kwa Kikisii.

"Bwairire buya. Lete fomu."

"Niko na swali kwanza. Si ni wewe ulituhubiria makambi? Ukasema Sabato hata punda apumzike?"

Uso wa mzee ukachangamka kabla hajajizuia. "Ni mimi. Kwani ulikuwepo?"

"Nilikuwa mbele kabisa. Sasa nauliza, hiyo Jumamosi, huu mlango nani atafungua?"

Angwenyi akakohoa. "Kuna askari."

"Askari ako na ufunguo ya geti. Ya huku juu si ndio hiyo iko kwa shingo yako?"

Benchi nzima ikacheka. Mzee akaushika ufunguo kama mtu aliyeguswa kidonda, kisha naye akatabasamu, lakini kwa haya. Ukweli ni kwamba jambo hilo lilikuwa limemkosesha raha tangu ratiba ilipofika, na alikuwa anaomba kimyakimya makao makuu wasahau.

"Waliniandikia tu," akasema kwa sauti ya chini. "Sikuulizwa."

"Hata sisi." Kemuma akaigeukia benchi. "Wenzangu, kuna mtu hapa alichagua Jumamosi?"

Hakuna aliyejibu ila mwalimu mmoja wa Nyaramba aliyekaa mwisho, Jethro, kijana aliyenyoa panki.

"Mi sikuchagua, lakini kwangu iko poa tu. Mi ni Mkatoliki, madam. Mkipeleka Jumapili, misa yangu je?"

"Misa yenu ni saa ngapi?"

"Ziko mbili. Kuna ya asubuhi sana, lakini hiyo usingizi ya Jumapili, wee, si ya kuchezea."

"Na tukianza saa nne?"

Jethro akakuna kichwa. "Saa nne na chai?"

"Saa nne na chai. Maandazi naleta mimi."

"Sasa hapo tunaelewana."

"Na mhadhiri wetu je?" Joyline akauliza. "Si atakataa?"

Angwenyi akatazama huku na huku, akatoa simu, akampigia Daktari Ratemo, mhadhiri wao, na kuweka sauti juu ili wote wasikie. Akamuuliza kama ni yeye aliyetaka Jumamosi.

"Mimi?" sauti ikafoka. "Jumamosi mimi naimba besi kwaya! Niliambiwa ni wanafunzi ndio walitaka!"

Walicheka mpaka mwenye duka la mbolea akapanda ngazi kuuliza kuna nini. Ratemo alipoelezwa akasema Jumapili atakuja hata inyeshe mvua ya mawe. Kumbe Jumamosi ile haikuwa na mwenyewe. Mwanafunzi hakuitaka, mwalimu hakuitaka, na mshika ufunguo aliihofia kuliko wote. Ilizaliwa katika ofisi ya mbali na mtu aliyejua kwamba wafanyakazi hupumzika Jumamosi, lakini hakujua kwamba watu wa huku wana sababu yao ya kupumzika.

Kwa ujasiri aliokopeshwa na vicheko, Angwenyi akapiga simu makao makuu. Alisimama wima alipokuwa akiongea, akisema "ndiyo, mkuu" mara nyingi. Alipokata, tai ilikuwa imelegea.

"Wanasema sistimu haina Jumapili. Tuandike barua, itajadiliwa muhula ujao. Leo kila mtu asaini fomu vile iko."

Fomu ilikuwa na mstari mmoja mzito: Nimekubali kuhudhuria masomo kila Jumamosi. Kemuma akausoma. Kuvunja Sabato ni kosa, na kusaini kwamba utaivunja huku hukusudii ni kosa la pili juu ya lile la kwanza. Akakata neno Jumamosi kwa kalamu, juu yake akaandika Jumapili, akasaini pembeni, akamwambia mzee kwamba Nairobi nao wanangoja jibu lake jioni hiyohiyo.

"Binti," Angwenyi akamwambia kwa upole, "wakikataa hiyo, nafasi yako hapa imeenda. Na hao wa Nairobi wanafunga saa hii. Utabaki na nini?"

"Nitabaki na wasichana wangu, mzee."

Alisema hivyo kwa sauti ya furaha, lakini alipofungua simu kumwandikia profesa, sauti ile ilimrudia masikioni. Aliandika asante, akaandika samahani, akatuma kabla moyo haujamgeuka. Kisha akalia. Alilia kweli, mbele ya watu, kwa sababu alikuwa ameitaka Nairobi, na huenda simu kama ile asipigiwe tena maishani. Joyline akamshika bega, akamchukulia kalamu mkononi, akakata neno Jumamosi kwenye fomu yake. Kalamu ikashika njia ya benchi. Jethro ndiye aliyekuwa wa mwisho, akaandika Jumapili kwa herufi kubwa za ubaoni, na chini yake, saa nne.

Angwenyi akazipokea zote. Akazitazama kwa muda, akafungua kisanduku cha wino, akagonga muhuri moja baada ya nyingine. Nje jua lilikuwa linashuka, na Ijumaa hiyo bado ilikuwa na maandalio ya Sabato yanayomngoja kila mmoja nyumbani.

Hawajafika chini ya ngazi, simu zao zote zikalia kwa pamoja. Kemuma alifuta macho akasoma: Hongera! Umesajiliwa. Darasa la kwanza ni Jumamosi saa mbili kamili asubuhi. Atakayekosa atapunguziwa alama. Tafadhali usijibu ujumbe huu.

Wakatazamana.

"Basi, Jumapili saa nne," Kemuma akasema, akirudisha simu mfukoni. "Na Jethro, usichelewe."