Picha ya Teruye Ukumbini

Kazuye Nakagaki alishasema. Alisema kwa upole, akasema kwa simu, na mwisho akasema mbele ya kamati nzima, amesimama na mkoba wake kwapani: picha ile haitundikwi. Sasa Jumamosi ya kumbukumbu ya dada yake imefika. Ameingia ukumbini Mtaa wa Kwanza na sinia lake la wali wa siki uliofungwa kwenye vifuko vya tofu, jibini la soya, na kitu cha kwanza kumpiga macho ni fremu kubwa jukwaani, imefunikwa shuka jeupe. Ukubwa ni uleule, na ilivyoegemezwa ni vilevile. Damu ikamchemka kabla hajaweka sinia chini.

"Joyce," alimwita binti yake, "niambie ile pale siyo ile."

"Mama, tua kwanza chakula."

"Nakuuliza."

"Sijui, Mama. Bwana Uyematsu kasema utafurahi."

Ben Uyematsu, mwenyekiti wa kamati, hakuwahi kumfurahisha Kazuye hata siku moja tangu walipokuwa watoto kambini, Marekani ilipowafungia Wajapani wakati wa vita, na hakukuwa na sababu yoyote ya kuamini kwamba angeanza leo.

Picha yenyewe hakuna asiyeijua Los Angeles, angalau kwa watu wetu. Teruye, dada yake Kazuye, amepiga magoti, macho chini, kiganja kifuani, kidoti chake cheusi kinaonekana chini ya jicho la kushoto. Inatoka mwishoni mwa "Kwaheri, Kapteni Hollis", filamu ya kwanza iliyoandika jina la binti wa mtaani kwetu kwa herufi za kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Jina la kubuniwa, lakini jina. Studio ilimwita Lili Song, jina ambalo halikuwa la kabila lake wala la kabila la mtu yeyote. Watu wakalimeza hilo. Walichoshindwa kukimeza ni kimono, lile joho la Kijapani alilovaa pichani.

Upande wa kulia ulikuwa umekuja juu ya wa kushoto. Mtoto anayejifunza kuvaa anajua jambo hili kabla ya kujua kufunga kamba za viatu: aliye hai hufunga upande wa kulia kwanza, wa kushoto ukaja juu. Ukiona kinyume chake, huyo unayemtazama ni maiti, anasubiri kwenda kuchomwa. Kazuye aliwafundisha wasichana kuvaa kimono kila kiangazi, kabla ya ngoma za hekaluni, na kosa hilo alilikomesha kwa kibao cha mkono, hata kwa mabinti wa wenye maduka makubwa. Na dada yake mwenyewe alikuwa amebandikwa hivyo nje ya sinema, amevishwa kifo, karatasi kubwa kama mlango.

Mama yao aliliona tangazo lile akitoka kununua samaki. Akageuka, akarudi nyumbani, akaosha samaki wake. Baada ya chakula akasema katika nyumba ile hakuna atakayekwenda kutazama. Hakuna aliyekwenda. Wengine walikwenda, wakalia, wakatoka wakiwatukana watu wa studio: Wazungu hawa, hawajui hata kumvisha mtu. Kazuye yeye hakuwalaumu Wazungu. Mzungu atajulia wapi? Alimlaumu Teruye, aliyejua, akakaa kimya, akajiachia avishwe kama kisanamu.

Alimwambia, tena usoni. Teruye alikuwa akimenya chungwa.

"Umeitazama?" aliuliza Teruye.

"Sina haja. Picha inatosha."

"Basi itazame kwanza, ndipo uje tugombane."

Teruye alikuwa hivyo. Ukimjia na moto, yeye anamenya chungwa. Kazuye hakuitazama. Ilipoonyeshwa kwenye televisheni, alizima. Ugomvi wenyewe haukuwahi kupiganwa, ukabaki tu pale mezani kati yao kila mwaka mpya, walipokuwa wakinywa supu ya mochi, yale madonge ya mchele, na kuulizana habari za magoti.

Baada ya hapo televisheni ikamchukua Teruye. Miaka na miaka akawa mfua nguo katika mchezo wa wachunga ng'ombe, anaingia na kapu, anasema maneno mawili, anatoka. Akawa muuguzi, akawa jasusi, akawa mjane. Akafa mara nyingi mno, kwa risasi, kwa sumu, kwa mapenzi, hata marehemu mume wa Kazuye akawa anauliza, "Leo shemeji anakufa kabla ya matangazo au baada?" Na bado mabinti wa kwetu walikaa mbele ya televisheni kumsubiri na kapu lake, maana hakukuwa na mwingine. Masika haya alikufa kweli, usingizini, hakuna kamera.

"Dada Kazuye." Ben alikuwa amesimama mbele yake na kikombe cha karatasi cha kahawa, tai imekaza shingo. "Njoo ukae mbele. Nimekuwekea kiti."

"Ben, ile picha—"

"Tulia. Nimekusikia."

"Kama ungenisikia isingekuwa pale."

"Nimekusikia, nakwambia. Nimeshughulikia. Utaona mwenyewe." Akatabasamu kama mtu aliyeficha peremende mfukoni. "Kwanza tutazame filamu."

"Filamu gani?"

"Sasa tungeonyesha gani? Ya mfua nguo?"

Kazuye alimgeukia Joyce. Joyce alikuwa ghafla na shughuli nyingi sana za kupanga vijiko. Kumbe alijua. Mlango ulikuwa nyuma kabisa, na kati yake na mlango kulikuwa na watu wote aliowafahamu duniani, wengine na fimbo, wengine kwenye viti vya magurudumu, wote wanamwinamishia vichwa kwa masikitiko. Ukitoka kwenye kumbukumbu ya dada yako, watu watakusema hadi mwaka mwingine. Akakaa. Akaweka mkoba mapajani kwa kishindo ili Ben asikie.

Taa zikazimwa.

Ilikuwa filamu ya kijinga. Kazuye aliiona hivyo tangu dakika za mwanzo na akaona raha kidogo kwa kujua hakukosea. Mlima Fuji ulikuwa umechorwa kwenye turubai. Baba wa msichana alikuwa Mzungu aliyevutwa macho kwa gundi. Kapteni Hollis, kidevu kama kabati, alimwambia Teruye kuwa ni ua, akamwambia ni ndege, akamwambia tena ni ua. Nyuma ya Kazuye bibi mmoja alishaanza kupenga kamasi.

Lakini kitu kilianza kumsumbua. Msichana alivaa kimono sokoni, na kilikuwa sawa, kushoto juu. Akavaa kingine harusini, sawa. Akapika, akanyonyesha, akamsubiri Kapteni mvuani, na kila mara kushoto juu, shingo imekaa, mkanda umekaa. Kazuye alitafuta kosa kwa macho ya mwalimu na hakulipata. Kwa hiyo palikuwa na mtu pale studio aliyejua. Na kama alijua, alikwenda wapi siku ile?

Mwisho ukafika. Kapteni amerudi na mke wake wa Kizungu kumchukua mtoto. Mke anasema mtoto atakuwa na farasi. Teruye anaingia chumbani kubadili nguo, mlango wa karatasi unafungwa, na anapotoka, upande wa kulia uko juu.

Anapiga magoti. Anawashukuru. Watazamaji ukumbini walikuwa wanalia sasa, wale wale waliolia zamani, pamoja na watoto wao. Kazuye hakulia. Alikuwa ameinama mbele hadi mkoba ukaanguka, anatazama kamba iliyofungwa juu ya mkanda.

Fundo lilisimama wima, na ncha zake zilichomekwa ndani.

Aliliona fundo lile mara moja tu maishani. Kambini, kwenye banda, bibi yao alipofariki, mama aliwaita mabinti wote wawili wamsaidie kumvisha. Kulia juu ya kushoto. Hapakuwa na kamba ya hariri; walichana shuka. Mama akashindwa kufunga, akamwelekeza Teruye: lisimamishe, lisilale, mafundo ya walio hai ndiyo yanayolala. Na ncha zichomeke ndani, asiwe na pa kushikwa akiondoka. Hilo la ncha halikuwa desturi ya mtu yeyote. Lilikuwa la mama tu, la siku ile. Teruye alikuwa mdogo kiasi kwamba alisimama juu ya ndoo ili afikie.

Hakuna mshonaji wa studio aliyelijua fundo hilo. Hakuna mtu duniani aliyelijua ila waliokuwa ndani ya banda, na mmoja wao alikuwa pale kwenye pazia, anainamisha kichwa na kusema asante, asante, kwa sauti nyororo waliyomlipa aitoe, huku amejivika mwenyewe nguo za kuzikiwa. Walimwandikia msichana anayeshukuru kunyang'anywa mtoto. Akawapa maiti. Wakapiga picha, wakaibandika mji mzima, wasione kitu. Na sisi tuliopaswa kuona tukasema, ah, Wazungu hawa.

Taa zikawashwa. Makofi. Ben alikuwa jukwaani tayari, anashika pembe ya shuka.

"Wengi wenu mnajua," alisema, "kulikuwa na kosa. Kosa la aibu, ambalo studio ililifanya na sisi tumelivumilia. Dada Kazuye amenisema juu yake hadi nikaota." Watu wakacheka. "Leo tumelisahihisha."

Akavuta shuka.

Teruye alikuwa pale, amepiga magoti, mkubwa kuliko alivyokuwa maishani. Kimono kilikuwa sawa kabisa, kushoto juu ya kulia. Kidoti kilikuwa chini ya jicho la kulia. Duka la picha lilikuwa limeigeuza nzima kama uso kwenye kioo. Ukumbi ukapiga makofi na kusimama, na Ben akamtazama Kazuye kwa macho ya mtu anayesubiri, baada ya maisha mazima, kupewa shukrani moja.

Kazuye alipanda jukwaani. Magoti yake hayakupenda ngazi zile.

"Irudishe," alisema.

"Nini?"

"Picha. Irudishe ilivyokuwa."

Ben alifunika kipaza sauti kwa kiganja. "Dada Kazuye. Miezi umenila nyama. Umenipigia simu nikiwa kwa daktari wa meno. Nimegombana na kamati, nimegombana na mwenye duka, nimegombana na mke wangu. Sasa unataka nini, Kazuye? Unataka nini kwangu?"

"Huyo siye dada yangu. Mtazame kidoti."

"Nani atatazama kidoti!"

Kazuye akamnyang'anya kipaza sauti. Hakuwa mtu wa hotuba, na aliwasemesha kama anavyowasemesha wasichana wa ngoma.

"Kaeni. Halikuwa kosa. Alijivisha mwenyewe, na fundo la wima, mtu akitaka abishe. Yule msichana mnayemlilia anavyoshukuru, alikuwa ameshakufa alipofungua mlango. Teruye alituambia. Alitusemesha sisi, maana wengine wasingejua. Na hakuna hata mmoja wetu aliyesikia."

Bibi aliyekuwa akipenga kamasi alishusha leso. Alikuwa amewavisha mumewe na wanawe wawili kwa mazishi. Alitazama picha, kisha pazia tupu, akafunika mdomo kwa mkono, na wengine wa rika lake wakafuata mmoja mmoja, kuanzia mbele kwenda nyuma.

Ben alichukua shuka sakafuni. Akalirudisha juu ya fremu, akalinyoosha pembe zote.

Chakula kilipogawiwa, Joyce alimletea mama yake sahani: wali wa siki, kipande cha kuku, na chungwa. Akakaa karibu.

Kazuye alilichukua chungwa, akaanza kulimenya. Alikuwa na hasira, na hakuwa na pa kuipeleka.

"Si angesema tu," alisema. "Miaka yote ile tunakunywa supu pamoja. Angefungua mdomo akasema."

"Hakuwahi kukwambia kitu, Mama?"

Ganda lilikatika mkononi mwa Kazuye.

"Aliniambia nikaitazame," alisema.