Taa Inayonyonya Giza

Mwalimu wa fizikia alikuwa amechoshwa na nadharia za baba mkwe wake. Mzee alishikilia kwamba taa haitoi mwanga, bali hunyonya giza, na ushahidi wake ulikuwa globu iliyoungua, nyeusi ndani kama masizi ya sufuria.

"Tazama, mwanangu. Imeshiba."

"Baba, huo ni mvuke wa waya, umeganda kwenye kioo."

"Nani ameuona huo mvuke?"

"Na giza likinyonywa, nani ameliona?"

"Wewe! Si ukiwasha tu linaondoka?"

Kuendelea kungekuwa kumpigia mbuzi gitaa. Kilichomkera zaidi ni binti yake, aliyekuwa akiitikia kwa kichwa kumkubalia babu, na kesho yake ana mtihani wa somo hilohilo.

"Uandike ya kitabuni," alimwonya.

Kesho yake alimsubiri mlangoni. "Swali la taa umejibuje?"

"Inatoa mwanga, Mama."

Mwalimu akashusha pumzi.

"Ila nafasi ilibaki, nikaongeza kwamba babu hakubali, na sababu zake."

Sauti ikatoka sebuleni: "Na globu umewaeleza?"

"Nimewachorea kabisa, Babu!"