Zamu ya Maji ya Mbuke

Jumanne ilikuwa zamu ya Mbuke kupata maji, na mpunga wake ulikuwa unachanua. Alifika shambani, nje kidogo ya Rujewa, akakuta mfereji mkavu. Alipoinama kupalilia, nyuma ya goti pakajaa. Akapapasa, akakuta uvimbe laini wa ukubwa wa yai la kuku, na goti likagoma kukunjika.

Kwenye zahanati, Nesi Tekla alimlaza kifudifudi.

"Si jipu, mama. Goti likichoka linatoa maji mengi, yakikosa nafasi yanakimbilia nyuma. Asikuchanje mtu. Nitayavuta, ila usipopumzika yatarudi."

"Nipumzike, mpunga apalilie nani?"

Tekla akavuta. Bomba la sindano likajaa maji ya mfereji, yenye tope, na kiluwiluwi mmoja. Akamtia kiluwiluwi kwenye kikopo, akamwita mgonjwa mwingine.

Kijiji kizima kilielewa. Bartholomeo, mwenyekiti wa mfereji, alikuwa na mashamba kule juu, na kila alipojifungulia maji kwenye zamu ya Mbuke, goti la Mbuke lilijaa. Mwaka ule wa 1976 kila mtu alijua, na kila mtu alinyamaza. Mwenye nguvu mpishe, walisema, kisha wakampisha hata pale alipokuwa hajafika.

Mbuke, mama yake Shija, hakunyamaza. Alikwenda kwenye kikao cha kamati akachechemea hadi mbele, akawageuzia mgongo, akapandisha kitenge hadi magotini. Wajumbe waliubonyeza uvimbe, uliokuwa umejaa tena, mmoja mmoja. Bartholomeo alibonyeza mwisho, kwa adabu.

"Ndugu zangu, goti halisemi uongo," alisema. "Maji ya mfereji yamo. Basi mama Shija zamu yake ameshapata."

Wajumbe walitafuta kosa katika maneno hayo, hawakuliona, wakafunga kikao. Mbuke alilia njia nzima kwa hasira.

Tangu hapo kila Jumanne Tekla alimvuta maji, naye akayabeba kwenye chupa ya soda hadi shambani na kumwagia shina moja la mpunga. Shina hilo likastawi, likainamisha masuke mazito. Shamba lililobaki likakauka lote.

Wakati wa mavuno Bartholomeo alipita na wavunaji wake. Akasimama, akalitazama lile shina kwa furaha ya kweli.

"Umeona, mama Shija?" alisema. "Ungelima kidogo, maji yangekutosha."