Mwavuli Penye Jua

Aleida alifungua mwavuli mweusi asubuhi ya Aprili isiyokuwa na wingu hata moja, akapiga goti mbele ya maua yake ya tulipu. Mwendesha baiskeli aliyekuwa akipita aligeuza shingo kumtazama. Mgeni huyo. Mwenyeji wa Hillegom, mji wa Uholanzi uishio kwa maua hayo, angejua kwamba jua kali huficha ugonjwa, na kwamba jani huungama kivulini. Kwa miaka thelathini na mmoja Aleida alitembea kwenye matuta ya wakulima, mwavuli mkono huu na mwiko wa kuchimbia mkono ule, akisaka mimea yenye virusi. Aliouona aliung'oa papo hapo, tunguu na udongo wake. Hakuwahi kuubakiza hata mmoja.

Sasa alikuwa amestaafu, na shamba lake lilikuwa bustani ya mbele ya nyumba, hatua nne kwa tatu. Humo zilichanua tulipu kumi na mbili za zambarau iliyokolea, aina aliyoizalisha marehemu baba yake kwa miaka kumi na tisa. Kila Novemba Aleida aliyafukia matunguu yake kwa kina cha mara tatu ya kimo cha tunguu. Kila Juni, majani yakishakauka, aliyafukua. Aina hiyo haikuwako kwingine duniani, ila ng'ambo ya uzio mfupi, kwa mdogo wake Rensje.

Hapo ndipo palipomkera. Tulipu ya Rensje ilikuwa imepasuka rangi: ndimi nyeupe ziliipanda zambarau kama moto. Watalii waliipiga picha. Michirizi hiyo ilikuwa kazi ya virusi. Ugonjwa huo hauna dawa, na mdudu kidukari mmoja tu akiifyonza kisha akavuka uzio, kazi ya baba ingekwisha.

"Bado hujaing'oa," Aleida alisema.

"Salamu kwanza, dada." Rensje alikuwa ametokea mlangoni na kikombe. "Imeamka salama, nayo inakusalimu."

"Inakufa."

"Wewe una miaka sabini na mitatu, goti linalia kama bawaba, na hakuna aliyekuja kukung'oa."

"Imepungua kimo kuliko mwaka jana. Nimeipima."

"Umeingia kwangu na rula?"

"Ulikuwa kanisani."

Rensje alicheka hadi kahawa ikamwagika. Aleida alimeza hasira. Mwaka wa sita sasa wa ugomvi huu. Kuzungumza naye kulikuwa kumpigia mbuzi gitaa.

"Baba alikupa matunguu matano," alisema polepole, kama anayesoma ripoti. "Limebaki moja. Uliyazembea, yakaugua."

Kicheko kilikatika. "Sikuyazembea. Yalikuwa yakitoa maua yenye michirizi hata kabla hajanipa. Alikuwa ameyaficha kwenye chungu nyuma ya banda, miaka mingi. Akanikataza nisikwambie."

"Uongo. Baba hakuwa mjinga."

"Hakuwa. Alikuwa amechoka kung'oa." Rensje alikitazama kikombe kilichobaki nusu. "Ngoja niongeze kahawa. Njoo unywe, kabla hujaning'oa na mimi."

Aleida aliurudia mstari wake wa tulipu, akiikagua moja baada ya nyingine kwa ghadhabu. Banda lile la baba alikuwa akilifagia yeye kila Jumamosi, mbele na nyuma, na kila chungu alikijua. Kila chungu, isipokuwa kile kilichofunikwa gunia, ambacho baba alisema kina mbolea, usikiguse, itakuchoma mikono. Alikuwa ameamini, yeye asiyeamini kitu asichokipima.

Ya kwanza ilikuwa safi. Ya pili safi. Ya nane safi. Kwenye jani la ile ya tisa, kivulini, ulipita mchirizi uliopauka, mwembamba kama uzi.

Aliinama zaidi, akageuza jani. Hakukuwa na shaka. Mwiko ulizama udongoni wenyewe. Mkono uliijua kazi yake. Zilikuwako nyingine kumi na moja za kuokoa, na kanuni hii yeye ndiye aliyewafundisha wasakaji wapya: huruma kwa mmoja ni hukumu kwa shamba zima.

Mwiko haukuinuka.

"Dada!" Rensje aliita kutoka jikoni. "Kahawa inapoa! Kopo la biskuti nimeliacha wazi, leo chukua mbili, si moja kama siku zote!"

Aleida alifunga mwavuli. Jua likalimwagikia jani lote, kijani kikang'aa, na mchirizi haukuonekana tena.

"Nakuja," alijibu.

Alisimama kwa taabu, akavuka uzio. Mwiko aliuacha ulipo, umesimama udongoni kando ya ile ya tisa.