Vitone Vilivyofagiwa

Wageni walipotangazwa, maabara ilifanya kama ofisi nyingine zote mjini: mawe ya njiani yakapakwa chokaa, mapazia yakaazimwa, na mashine iliyokufa tangu mwaka juzi ikachomekwa umeme ili angalau taa yake iwake.

Dokta Masalu, mkuu wa maabara, alikagua kila kona mwenyewe. Akafika kwa msaidizi wake Bushra, aliyekuwa akipanga picha za seli za saratani ya titi kwenye kompyuta.

"Haya madoa ni ya nini?"

"Shikamoo, Dokta. Si madoa, ni protini. Zinajikusanya ndani ya kiini cha seli, zinakuwa vitone, kama mafuta ya sangara juu ya mchuzi. Kitone kikiikalia jeni, inafanya kazi kupita kiasi, na seli inazidi kugawanyika."

"Mafuta ya sangara! Mwanangu, wageni wanatoka Dar, unataka wakute uchafu? Futa."

"Dokta, ni kazi ya miezi minane."

"Kufuta ni dakika mbili. Sogea."

Akakaa, akavifuta kwenye picha kimoja kimoja huku akipiga mluzi. Bushra, ambaye hata akipunjwa wali husema asante, alisimama pembeni akingoja kiti chake.

Kesho yake Profesa Dorotea, kiongozi wa wageni waliokuja kuchagua maabara ya kufadhili, aliitazama picha ya seli na grafu yake ukutani.

"Grafu yenu inasema jeni hii imechachamaa. Kinachoichochea kiko wapi?"

"Hakuna kitu, Profesa," alisema Dokta Masalu. "Hapa kwetu tunazingatia usafi."

"Usafi? Wa seli za saratani?"

"Mia kwa mia."

Profesa akafunga daftari. "Basi utafiti wa vitone tutaupeleka kwingine. Hapa havipo."

Kiti cha Bushra kikaanguka kabla yeye hajajua kwamba amesimama.

"Vipo," alisema. "Vimefutwa jana."

Akachomeka flashi yake kwenye kompyuta. Kwenye video vitone viwili vilikaribiana, vikagusana, vikawa kimoja. Pembeni yake mwanga wa jeni ukapanda. Akaonyesha video nyingine: alipoweka dawa ya kuviyeyusha, mwanga ulififia.

"Nani alivifuta?" aliuliza Profesa.

Dokta Masalu akakohoa. "Nilikuwa nampima ujasiri huyu binti. Amefaulu."

Mgeni mmoja alijificha nyuma ya chupa yake ya maji ili acheke.

"Na mimi nimempima," alisema Profesa. "Utafiti unabaki hapa. Msimamizi ni yeye."

Bushra akaitwa kutia saini mkataba wa utafiti. Dokta Masalu alimwazima kalamu, akamsimamia mpaka alipoirudisha.