Mshale Ubavuni mwa Tairi

Watu wengine mjini waliamka wakailaani theluji. Irmtraud Vollbrecht aliamka akacheka peke yake dirishani, kwa maana alikuwa akiiombea tangu Novemba. Kahawa aliiacha nusu, mkate hakuugusa, na njiani kwenda kiwandani alifunga na kufungua kifungo cha koti lake mpaka kikamdondokea mkononi.

Leo basi lingepanda mlima wa Hohlstein likiwa na tairi la theluji alilolichora yeye.

Kiwanda cha Dankwart kilianza enzi za babu zao kwa kutengeneza mipira ya kuvisha kwato za farasi, ili wasiteleze kwenye barabara za mawe. Kikaingia kwenye tairi za baiskeli, kisha za magari. Vita vilipokwisha zilibaki kuta mbili na bomba la moshi, na wafanyakazi wakaishi kwa kukata tairi chakavu kuwa soli za viatu. Hapo ndipo ilipozaliwa desturi yao: tairi jipya likishindwa kwenye majaribio halitupwi. Linakatwa soli, na waliolitengeneza wanazivaa mpaka ziishe. Mjini kila mtu alijua kusoma viatu vya watu wa Dankwart.

Mzee Alwin Rübsam, aliyekata kashata, yaani meno, za tairi za majaribio kwa kisu cha moto, alikuwa na soli za tairi mbili zilizoshindwa, na alizivaa kwa maringo kama mwanajeshi na nishani zake. Asubuhi hiyo alimpokea Irmtraud langoni akiwa ameinua mguu mmoja.

"Navaa namba arobaini na nne, binti," alisema. "Usije ukanikatia za kubana."

"Utaenda pekupeku mwaka huu, mzee," Irmtraud akamjibu.

Maana haikuwa soli tu. Mkurugenzi, Bwana Dietzsch, alikuwa amekwisha kumwambia bila kuficha: Bibi Hasselbach wa kampuni ya mabasi ya milimani anakuja kutazama. Basi likifika kileleni, ataagiza tairi hizo kwa mabasi yake yote na kalibu ya chuma ya kuzifinyanga kwa wingi itatengenezwa. Likikwama, habari ya tairi za theluji itafungwa, na Irmtraud atarudi kuchora za baiskeli.

Irmtraud hakuchukia baiskeli. Lakini dada yake, Mechthild, aliolewa kijiji cha juu, na majira ya baridi yaliyopita alijifungua huku mkunga amekwama kwenye basi katikati ya mlima huohuo. Mtoto alipona kwa rehema za Mungu. Tangu siku hiyo Irmtraud hakuweza kuona karatasi tupu asichore juu yake mistari inayokutana kama ncha ya mkuki, mmoja baada ya mwingine, ya kuichimba theluji.

Chini ya mlima, Bibi Hasselbach alisimama ndani ya koti zito la manyoya akasema treni yake ni ya saa saba. Gundolf, dereva, alitia gia. Basi likapanda vizuri, wao wakilifuata kwa miguu, likapita kanisa, na moyo wa Irmtraud ukapanda nalo. Kwenye kona ya kwanza magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka bure. Theluji ikaruka. Basi likasita, likarudi kinyumenyume polepole, likaegemea uzio wa mkulima.

Gundolf alijaribu tena, na tena likateleza. Bwana Dietzsch alivua kofia akaikung'uta ingawa haikuwa na kitu. Bibi Hasselbach alitazama saa yake.

Ndipo lilipopita trekta la maziwa. Mkulima aliwapungia mkono, akaipanda kona ileile huku madebe yake yakigongana, akapotea juu. Mzee Alwin alicheka mpaka akakohoa, akasema labda kampuni ya mabasi inunue ng'ombe.

Irmtraud hakucheka. Alikuwa ameinama barabarani, ambako nyayo za trekta na nyayo za basi zilikuwa zimelala bega kwa bega kwenye theluji mpya. Mikuki ya basi ilielekea juu mlimani. Mikuki ya trekta, lililopanda bila shida, ilielekea chini, huko lilikotoka.

Damu ilimpanda usoni. Pale Dankwart tairi walilijua kwa nyayo zake. Kila muundo mpya ulipakwa wino, ukaviringishwa juu ya karatasi, na karatasi ikatundikwa ukutani, hata salamu zao zilikuwa "nyayo zako zinasemaje?" Yeye naye alitazama karatasi, akaona mikuki inaelekea wapi, akachora ubavuni mwa tairi mshale wa kumwonyesha fundi upande wa kuzunguka, kufuata huko. Hawakuwahi kuwa na tairi lenye mbele na nyuma, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Lakini jino linalotazama mbele likiwa juu ya gurudumu, likizunguka na kufika chini hutazama nyuma.

Angeweza kusema fundi amekosea kufunga. Lilimjia wazo hilo, akalifukuza.

"Kosa ni langu," alisema. "Mshale niliuchora mimi, na nimeuchora kinyume. Tairi zinazunguka upande usio wao."

Bwana Dietzsch alimkazia macho. "Mbele ya mteja ndipo unaponiambia?"

"Ndiyo kwanza nimejua, bosi. Tazama trekta, halafu tazama sisi. Gurudumu la kulia liende kushoto, la kushoto lije kulia. Naomba hilo tu."

Bibi Hasselbach aliinama naye, koti likiburura kwenye theluji, akalinganisha nyayo hizi na zile bila haraka. "Mimi nimezaliwa kwenye shamba," alisema, "na sijawahi kuliona hili." Akajinyoosha. "Kuna treni nyingine jioni. Leteni jeki."

Wote wakalishughulikia lile basi kwa mikono yao. Gundolf alifungua nati, Bwana Dietzsch akavua glavu akaviringisha gurudumu mwenyewe, Mzee Alwin akalala chali chini ya basi akitukana kwa heshima. Irmtraud alikaza nati ya mwisho, akarukia ndani kabla hajakatazwa.

Gundolf alilirudisha basi chini ya mlima, akaanza upya. Kanisa likapita. Kona ikaja. Alihisi magurudumu yakisita chini yake, kisha yakauma, kama mtu aliyepata pa kushika. Theluji haikuruka tena, ilikuwa ikikanyagwa. Kona ya pili, ya tatu, na Gundolf akaanza kupiga honi bila sababu yoyote, mpaka watu wa kijiji cha juu wakatoka milangoni. Mechthild alikuwa miongoni mwao, mtoto mgongoni, mikono imejaa unga.

Irmtraud aliteremka akakimbilia nyuma ya basi kabla ya kumkimbilia dada yake. Mikuki ilishuka barabara yote, safi, ikielekea mjini walikotoka.

Mzee Alwin alifika baadaye kwa miguu, amelowa mpaka magotini, soli zake zimeanza kuachia. Alisimama juu ya nyayo zile akazitazama.

"Sasa mimi," alisema, "viatu nitapata wapi?"